Gitaa la Besi na Magari ya Walawi

Mpiga besi ni mtu ambaye usharika humtambua siku asipokuwepo. Akiwepo, watu husifu sauti ya kwanza, husifu kinanda, husifu sare mpya. Asipokuwepo, wimbo uleule huwa kama nyumba iliyotolewa msingi, na mama mmoja atakuuliza nje ya kanisa, "Leo mlikuwa mnaumwa?" Mimi ni mpiga besi wa kwaya ya vijana katika usharika mmoja hapa Mwanza, ingawa ujana wenyewe umebaki kwenye jina la kwaya. Riziki yangu ni cherehani. Nayataja haya mawili pamoja kwa sababu yote yanategemea mkono wa kushoto, na habari ninayoandika ni ya mkono huo.

Gitaa letu la besi ni mali ya kanisa. Lilinunuliwa kwa mchango kabla sijajiunga na kwaya, na maandishi ya kichwani yamekwisha kufutika, hata sijui lilitengenezwa na nani. Ni gitaa jembamba lenye pembe mbili fupi, zuri kulitazama. Ukilipakata umekaa kitini, paja hulibeba na halina neno. Shida huanza ukisimama. Ulivae mkandani, uondoe mkono wa kushoto, na shingo yake itainama yenyewe kuelekea sakafuni, kama ng'ombe anayetafuta maji.

Sababu yake si ya ajabu. Shingo ya besi ni ndefu kuliko ya gitaa la kawaida, na kichwani ina vikazio vinne vikubwa vya chuma, kwa kuwa nyuzi zake ni nene. Mwili wa gitaa hili ni mwepesi, na kifungo cha mbele cha mkanda kiliwekwa nyuma kabisa, pale shingo inapoungana na mwili. Kwa hiyo karibu shingo nzima iko upande mmoja wa kifungo. Aliyewahi kuona mzani wa mikono miwili anaelewa mara moja: kitu chepesi kikikaa mbali na katikati humshinda mzito aliyekaa karibu. Tena kifungo kikiwa hapo, gitaa zima husogea kushoto kwa mpigaji, na ili kufikia noti za chini kabisa unanyoosha mkono kama mtu anayetaka kufunga dirisha bila kuinuka kitandani.

Basi mkono wa kushoto unapewa kazi mbili. Unabonyeza nyuzi, na unaishikilia shingo isianguke. Kifundo cha mkono kimekunjwa, kidole gumba kimebana nyuma, bega limeinuliwa. Fanya hivyo dakika tano, si kitu. Lakini kwaya za kwetu hazikai. Tunaimba tumesimama, tunapiga hatua kulia na kushoto, na tuna ibada mbili kila Jumapili, acha mikesha ya Pasaka na ya mwaka mpya.

Kabla yangu alikuwepo kaka mmoja aliyelipiga gitaa hili miaka minne. Aliacha ghafla. Walipomwuliza alisema neno moja tu, "Mkono." Nami nilipokabidhiwa gitaa, niliambiwa habari zake kwa sauti ya chini, jinsi watu wanavyosema habari za msiba: kwamba alianza kuchelewa mazoezini, kwamba alikuwa akikaa chini wenzake wamesimama, kwamba mwishowe alipoa kiroho. Niliombewa nisije nikapoa kama yeye. Sala ile niliipokea kwa moyo wote, maana sikuwa na sababu ya kudhani kuna jambo jingine.

Mwezi wa saba au wa nane ganzi ilinianza. Kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kwanza usiku tu, nikiamka naukung'uta mkono kama mtu aliyeshika maji. Kisha mchana, kwenye cherehani. Fundi cherehani huongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto, na vidole ndivyo vinavyomwambia kama kitambaa kimekunjamana chini kabla macho hayajaona. Siku moja nilishika pini nisijue kama nimeshika pini. Nina watoto watatu, wawili wako shuleni. Jioni ile sikwenda mazoezini, na nikiwa nimekaa nyumbani nilijua kabisa kinachosemwa huko.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza kwa kunichorea. Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole hivyo vitatu hupita kwenye njia nyembamba hapa kifundoni, pamoja na kano za vidole. Ukikunja kifundo na kubana kwa nguvu muda mrefu, njia inasongwa, na mshipa unalalamika. Akaniuliza kazi yangu. Nikamtajia cherehani. Akasema nimwoneshe ninavyoshona, akatikisa kichwa kwamba hapo si pabaya sana. Ndipo nikamtajia besi. Akaniambia nisimame nijifanye ninapiga. Nilipoinua mkono wa kushoto alicheka kidogo, akasema, "Hapo ndipo." Alinipa wiki kadhaa za kupumzika na mazoezi ya kunyoosha, na akanionya kwamba nikirudi kwenye hali ileile, ganzi itarudi ileile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua kuliko ganzi.

Mzee mmoja wa kanisa, ninayemheshimu na ambaye amenisaidia mengi, alisikia kwamba nataka kupumzika. Alinivuta pembeni baada ya ibada. Akanikumbusha kwamba jengo tunaloabudia lilisimama kwa mabega ya watu. Walibeba mawe kutoka kilimani, kina mama walisomba maji kwa ndoo, na hakuna aliyeuliza kama bega linauma. "Mwanangu," alisema, "kila mtu ana msalaba wake. Wako ni huo." Sikumjibu. Kwetu mtu hamjibu mzee papo hapo. Lakini neno lake nilikwenda nalo nyumbani nikalala nalo, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake, na neno lenye ukweli nusu ni gumu kuliweka chini.

Ukweli wake ni huu: utumishi unagharimu. Anayetaka kumtumikia Mungu bila kuchoka hajaanza. Lakini niliendelea kujiuliza, je, kila kinachouma katika utumishi ni msalaba? Msalaba ulibebwa kwa ajili ya watu. Shingo ya gitaa ikianguka, ni nani anayepona? Mungu anasifiwa kwa wimbo, na wimbo wenyewe unaharibika mkono ukichoka. Noti zinakatika, mpigo unachelewa. Maumivu yale hayakuwa yanampa mtu yeyote kitu. Yalikuwa yanapotea bure, kama maji ya bomba lililopasuka.

Katika wiki zile za kupumzika nilikuwa nikisoma kitabu cha Hesabu, kitabu ambacho wengi tunakiruka kwa sababu ya orodha zake. Sura ya 7 inaeleza jinsi wakuu wa Israeli walivyoleta sadaka ya magari sita na ng'ombe kumi na wawili kwa ajili ya kazi ya hema. Musa akayagawa kwa Walawi kulingana na utumishi wao. Wana wa Gershoni, waliobeba mapazia na vifuniko, walipewa magari mawili na ng'ombe wanne. Wana wa Merari, waliobeba mbao, nguzo na vitako, mzigo mzito kuliko wote, walipewa magari manne na ng'ombe wanane. Wana wa Kohathi hawakupewa hata gari moja, kwa kuwa vitu vitakatifu vilikuwa vya kubebwa mabegani.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Hakuna mahali ambapo wana wa Merari wanaambiwa kwamba imani yao ni haba kwa sababu nguzo zimewekwa kwenye gari. Gari lenyewe ni sadaka, limeletwa mbele za Bwana, limepokelewa. Utumishi wa Merari haukupungua utakatifu kwa sababu ng'ombe wanane walisaidia. Lakini pia hakuna mahali ambapo Wakohathi wanaambiwa watafute gari lao. Na tunajua kilichotokea miaka mingi baadaye, katika 2 Samweli 6, sanduku la agano lilipopakiwa kwenye gari jipya: Uza alikufa njiani, na safari ya pili sanduku lilichukuliwa na watu. Kwa hiyo Biblia haisemi kwamba kila mzigo utafutiwe gari, wala haisemi kwamba kila mzigo uwe begani. Musa aligawa. Alitazama mzigo mmoja mmoja.

Nikachukua daftari langu la vipimo vya wateja, nikajaribu kugawa. Kuacha cherehani saa kumi na moja jioni siku ya Jumatano na Ijumaa na kwenda mazoezini kwa miguu, hilo ni la bega. Kujifunza wimbo ambao siupendi kwa sababu sauti ya pili wanaupenda, bega. Kumvumilia mpiga gitaa la solo, bega zote mbili. Kukesha, kusimama, kutoka jasho, kurudia kipande kimoja mara kumi mpaka kikae: yote hayo siwezi kuyaweka kwenye gari, na nikiyaweka sitakuwa nimetumika. Lakini vikazio vinne vya chuma kichwani mwa gitaa? Hizo ni nguzo za Merari.

Jirani wa kibanda changu ni seremala, mzee aliyekulia Kwimba. Yeye ni Mkatoliki na hana habari na kwaya yetu isipokuwa kelele zake. Nilimpelekea gitaa ili nijue kama kifungo kinaweza kuhamishwa. Aliweka mkanda begani, akaachia shingo, akaitazama ikianguka. Akaivuta juu, akaiachia tena. Kisha akasema, "Hii ni nira mbaya."

Nilimwomba anieleze. Akasema baba yake alikuwa akilima kwa maksai, na nira walizichonga wenyewe. Nira isiyochongwa vizuri inamkalia ng'ombe mahali pamoja, inamtoboa, na siku ya tatu ana kidonda shingoni. Akifungwa siku ya nne anagoma. "Wengine wanampiga fimbo wakidhani ni mvivu. Baba hakuanza na fimbo. Alimvua nira, akamshika shingo, halafu akaiangalia nira. Mara nyingi dawa ilikuwa patasi."

Nilikaa kwenye benchi lake nikamkumbuka yule kaka aliyenitangulia. Sisi katika kwaya tulikuwa na fimbo za kutosha.

Bwana wetu, katika Mathayo 11, anaita waliolemewa na kuwapa nira yake. Hasemi kwamba hakuna nira. Neno la Kigiriki linaloielezea nira ile, khrestos, lina maana ya kitu chema, kinachomfaa anayekitumia. Na Yustino Shahidi, aliyeandika katika karne ya 2, anasema kwamba Yesu alipokuwa seremala alitengeneza majembe ya kukokotwa na nira. Sijui wengine mnaisikiaje habari hiyo. Mimi nimeshika mkasi maisha yangu yote, nayo ilinikaa. Fundi wa nira anajua kwamba hakuna shingo mbili zilizo sawa, kama mimi ninavyojua kwamba hakuna mabega mawili yaliyo sawa, hata ya mtu mmoja.

Kuhamisha kifungo kulitaka ruhusa. Gitaa ni mali ya kanisa, na mali ya kanisa haitobolewi kiholela, hata kwa tundu la milimita tatu. Jambo likaenda kwenye Baraza la Wazee. Sikuwepo, lakini nimeambiwa tundu lile lilizungumzwa kwa muda mrefu kuliko paa la nyumba ya mwinjilisti. Mzee wangu yule aliuliza, nasikia, kama kesho mpiga ngoma naye atataka ngoma ikatwe. Swali la haki. Mwishowe waliandika "ukarabati wa ala" na kuruhusu.

Nieleze tulichofanya, kwa sababu najua sharika nyingi zina gitaa la namna hii limelala stoo, na nyingi zina kijana anayekung'uta mkono usiku.

Kwanza, urefu wa mkanda. Hili halina gharama hata kidogo na ndilo linalokataliwa zaidi na vijana, kwa sababu kwenye video wanawaona wanamuziki wameliacha gitaa magotini. Kaa kitini, lipakate gitaa vizuri, shingo imeinuka kidogo, kifundo cha mkono kimenyooka. Pima hapo. Kisha simama na mkanda uwe mfupi kiasi kwamba gitaa linabaki palepale lilipokuwa. Mkono uliojifunza kitini hautakuwa na kitu kipya cha kujifunza.

Pili, kifungo chenyewe. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi redio wa Fullerton huko California, alipotoa gitaa lake la besi aliloliita Precision, aliipa pembe ya juu urefu, ikaenda mbele mpaka karibu na usawa wa freti ya 12, na mkanda ukafungwa pale. Shingo ikatulia. Kinachonifurahisha ni kwamba Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alikuwa akiwasikiliza waliopiga, wanaosimama nalo usiku kucha. Mwaka 1954 alipotoa Stratocaster, alichonga kingo zake zisimchome mtu mbavuni. Mtu asiyeweza kupiga hata wimbo mmoja alilijali bega la mwenzake kiasi hicho, na sisi tunaoimba kila wiki habari za kuchukuliana mizigo hatukuwahi hata kulivaa gitaa la kaka yetu tuone linavyokaa.

Pembe za gitaa letu ni fupi, haziwezi kufika mbali hivyo, lakini kila inchi inasaidia. Seremala alitoboa ncha ya pembe ya juu kwa keekee ndogo, tundu jembamba kuliko skrubu, akapaka sabuni kwenye skrubu ili isipasue mbao, akaweka kipande cha blanketi chini ya kifungo. Tundu la zamani alilijaza kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, akapiga msasa. Gitaa lilisogea kulia mara moja, na mkono wangu ukaacha kufunga dirisha.

Tatu, mkanda, na hapa nilikuwa nyumbani kwangu. Ule wa zamani ulikuwa wa nailoni, mwembamba na unateleza, kwa hiyo shingo ikianguka mkanda unaifuata. Nilishona mwingine wa upana wa inchi nne, turubai mara mbili, na upande wa chini nikaweka ngozi ya mbuzi, ile sura yake ya ndani yenye vinyweleo ikitazama shati. Ngozi hiyo hushika. Upana unagawa uzito, na huo mkwaruzo unazuia kuteleza. Sikuweka kibano cha kurefusha na kufupisha, maana vibano vya bei nafuu hulegea. Nilishona moja kwa moja kwa kipimo changu.

Baada ya hayo shingo ilikuwa bado inainama, polepole, kama mzee anayesinzia mahubirini. Zipo njia za gharama. Kuna vikazio vyepesi vinavyotengenezwa kwa ajili ya tatizo hili, lakini huagizwa mbali. Sisi tulikwenda Mwaloni, Kirumba, kwenye maduka ya zana za uvuvi, tukanunua chubwi. Nilishona mfuko mwembamba mwisho wa mkanda, upande wa nyuma karibu na kifungo cha chini cha gitaa, nikazitia humo na kuufunga kwa turubai mara mbili ili mkono wa mtu usiguse risasi wala mtoto asiifikie. Tulipima kwa muuza nyama. Gitaa lilikuwa kilo nne na robo. Pamoja na chubwi, kilo nne na robo tatu.

Mwishoni tukashusha nyuzi kidogo kwenye daraja kwa alenki, ili zisihitaji kubanwa sana. Hili lifanywe na anayelielewa, maana nyuzi zikishuka mno zinagonga freti na kulia kama nyuki.

Nilipolivaa na kuachia mikono yote miwili, lilikaa. Shingo juu kidogo, kama inavyotakiwa. Tulikuwa tumeongeza nusu kilo nzima, na likawa jepesi.

Mzee wangu wa kanisa alikuja mazoezini, nadhani kukagua tundu. Alilinyanyua gitaa, akakunja uso. "Mbona limezidi uzito?" Nikamwambia, "Ndiyo, mzee. Tumeongeza risasi." Akanitazama kuona kama ninamdhihaki. Nikamvalisha mkanda, nikamwomba aachie. Aliachia. Alisimama hivyo kwa muda, mikono imening'inia, gitaa limetulia tumboni mwake juu ya koti la suti. Kisha akalivua taratibu, akaniambia bado anaamini vijana wa siku hizi tunapenda raha. Lakini kabla ya kuondoka aliuliza kuhusu benchi la kina mama wazee wa kwaya kuu, kama ningeweza kushona mito. Nimeishona. Sita.

Ganzi haikuondoka kwa siku moja. Ilichukua wiki nyingi, na hata sasa nikishona sare za shule mfululizo mwezi wa kumi na mbili inanibisha hodi. Nikimaliza ibada ya pili bado nimechoka. Miguu inauma, shati limelowa, na bega linajua kwamba limebeba kilo nne na robo tatu. Uchovu huo siuombei uondoke. Ni ule mwingine niliotaka kuuacha garini.

Likabaki jambo la yule kaka. Nilimweleza mwenyekiti wa kwaya, dada mmoja asiye na maneno mengi, yote niliyoambiwa na mtaalamu na seremala. Alinyamaza. Jumamosi iliyofuata alinipitia kibandani, amebeba kilo mbili za sukari, akasema twende.

Kaka huyo siku hizi anaendesha bodaboda. Tulimkuta kwake, pikipiki imeegeshwa mlangoni, mke wake anachambua mchele. Alituona na gitaa, na uso wake ukafunga. Pengine alidhani tumekuja kumrudisha kundini kwa nguvu. Mwenyekiti hakuhutubia. Alimpa mke wake sukari, akakaa, akasema, "Kaka, tulikusema vibaya. Hukupoa. Lilikuwa gitaa. Tusamehe."

Hakujibu. Aliutazama mkono wake wa kushoto, ule wa kushikia klachi, akaufungua na kuufunga. Nikampa gitaa. Alilivaa kama mtu anayevaa nguo ya marehemu. Hapakuwa na amplifaya, na hakupiga kitu. Alisimama tu, mkono wa kushoto umeshika shingo kwa chini, bega limeinuka, kifundo kimekunjwa, vilevile nilivyokuwa nikisimama mimi. Nikamwambia, "Achia."

"Litaanguka."

"Achia, kaka."

Aliachia kidole kimoja kimoja. Alipotoa kidole cha mwisho mkono ulibaki karibu, ukisubiri. Gitaa halikwenda popote. Mke wake aliacha kuchambua mchele.

"Waliniombea mara mbili," alisema. "Kanisani, mbele za watu. Niombewe moto urudi."

Hakuna kati yetu aliyekuwa na la kumwambia. Baada ya kitambo akaweka vidole kwenye nyuzi na kuanza kupiga, kavu bila spika, mpaka ukawa unasikia ngozi ya vidole kuliko noti. Nilikuwa nimezoea kupiga wimbo ule kwa noti tatu. Yeye alipiga kwa tano, na ile ya nne ndiyo niliyokuwa nikiikosa siku zote bila kujua ni ipi. Nilimwomba airudie.

Mkanda ulikuwa mrefu kwake. Yeye ni mfupi kuliko mimi, na gitaa lilimshukia chini ya kiuno, kifundo kikaanza kukunjwa tena. Nilikuwa na sindano na uzi mfukoni, kama ilivyo kawaida ya mafundi, na futi yangu shingoni. Nikamwambia asimame wima, ashushe mabega, nimpime.